Shemeji na Gari la Buluu la Kwenye Tivii

Gari lilikuwa la buluu, la milango minne, lenye bawa la kukandamiza upepo kule nyuma. Ukilitupia jicho ungesema la afisa fulani wa Utete, la kwendea semina. Kumbe la mashindano, na matairi yake yote manne yanavuta. Sisi tuliliita foo-wili, maana Kibiti ya wakati ule kila kilichovuta mbele na nyuma kiliitwa foo-wili, iwe pikapu ya mradi iwe gari la kwenye tivii. Hili lilikuwa la kwenye tivii.

Soko huria lilikuwa limeshatuingilia. Mitumba, redio zenye taa za rangi, sabuni za kila harufu, na mashirika ya umma yakifungwa moja baada ya jingine. Mwenye duka la kanda pale stendi naye akataka kwenda na wakati. Akajenga banda kando ya duka, akaleta jenereta, tivii ndogo, na mashine ya gemu iliyotumika huko ilikotoka mpaka ikachoka. Kazi ya kuiangalia akanipa mimi, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na divisheni ziro, na nilikuwa na uwezo mkubwa wa kukaa kitako. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nalala kwa dada yangu, nakula kwa dada yangu, na nilijiita mtaalamu.

Dada huyo aliolewa na dereva. Shemeji yangu alikuwa ameendesha lori la shirika moja la umma, sitalitaja, limeshakufa, tuliache lipumzike. Njia yake ilikuwa Dar mpaka kivuko cha Ndundu, avuke, aendelee mpaka Lindi, enzi hizo daraja bado ni maneno ya mikutanoni. Masika magari yalilala topeni siku nne, siku tano, madereva wakipika ubwabwa chini ya malori yao. Miaka yote hiyo shemeji hakupindua hata debe. Shirika lilipofungwa wakamshukuru kwa barua na saa ya ukutani, na ile saa haikufika mwisho wa mwezi.

Sasa alikuwa ameahidiwa gari. Tajiri mmoja wa Dar alikuwa amenunua basi dogo la mtumba, anataka lifanye Kibiti na Utete, na alituma salamu kwamba Ijumaa atakuja waonane. Nyumbani hapakuwa na habari nyingine. Dada alifua shati jeupe Jumatatu, akalifua tena Jumatano, na Alhamisi akawa analitazama kambani kana kwamba litatoroka. Kazi ile ikikosekana, shemeji alikuwa hana budi kuingia msituni upande wa Dimani kuchoma mkaa, na kifua chake hakikuwa cha moshi, alikuwa akikohoa hata dada akikaanga samaki. Hayo niliyajua vizuri. Muhogo wa nyumba ile nilikuwa naula mimi.

Lakini pia shemeji ni mtani, na kwetu utani si mchezo. Shemeji atakuita mwizi wa kuku mbele ya watu, nawe utamwita kipofu, na wote mtacheka. Anayekasirika ndiye mkosaji, na watu watamsema. Mimi na yeye tulitaniana asubuhi na jioni, na nasema bila aibu kwamba mimi nilikuwa hodari kuliko yeye.

Turudi kwenye gari. Sidii yetu ilikuwa feki, na maandishi yake Kijapani mwanzo hadi mwisho. Ukurasa wa kuseti gari ulikuwa na mistari chungu nzima, na kila mstari una alama ya kusogeza kushoto au kulia. Nani asome? Basi nikawa nasogeza mstari mmoja, nakimbiza mzunguko mmoja, natazama gari limefanya nini, naandika daftarini. Huu unashusha bodi. Huu unakaza springi. Huu, mama yangu, unang'ang'aniza breki za nyuma, usiuguse. Mwezi mzima! Lau hisabati ningeifuatilia hivyo, leo ningekuwa namwambia mtu mwingine aangalie jenereta.

Foo-wili lile lilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukifika konani na mwendo, ukakata usukani, pua inagoma. Gari linakwenda moja kwa moja mpaka ukutani, na matairi yote manne yanavuta kwa bidii kuelekea huko huko ukutani. Vijana wote wa stendi walilaumu pedi, ile ya mkononi ya kuchezea. Mimi nikaupata mstari wa kugawa nguvu. Nikaipunguzia mbele, nikaipa nyuma. Nikakaza springi za nyuma, za mbele nikazilegeza kidogo, nikalishusha gari mpaka tumbo linakaribia lami. Nikaiendea ile kona mbaya huku nimebana pumzi. Mkia ukatoka kidogo, pua ikaingia ndani, gari likapita safi. Nilipiga yowe, na muuza kahawa akaja mbio akidhani jenereta limeniunguza.

Shemeji, kwa kukosa kazi, naye alikuwa akija bandani baada ya alasiri. Alikuwa na gari lake alilolihifadhi kwenye memori kadi, buluu kama langu, na alikuwa ameliseti kwa mikono yake. Loo! Alilinyanyua juu mpaka mwisho wa mstari. Springi alizilegeza zote. Nguvu aligawa sawa kwa sawa, nusu mbele, nusu nyuma. Gia alizifupisha ziwe za kuvutia mzigo. Gari la mashindano likawa limesimama kama mbuzi aliyekanyaga maji.

"Shemeji," nikamwambia, "mbona umelipandisha juu hivyo?"

"Lisigonge difu chini, kwenye mawe."

"Ligonge difu wapi? Hii ni lami!"

"Hapo ndipo lami inapoonekana," akasema, akionyesha kioo kwa kidole. "Huko mbele unakujua? Umefika?"

"Na nguvu nusu kwa nusu?"

"Ukigawa hivyo halikwami."

Lisikwame! Ndani ya tivii! Na uendeshaji wake ndio usiseme. Alishika kushoto wakati wote, njia nzima tupu. Konani alipunguza mwendo, akatafuta kitufe cha honi, na alipokikosa alikasirika na Wajapani. Injini ikilia sana aliachia mafuta, ati tutaiua. Gari la nyuma likimkaribia, analipisha! Tulicheka mpaka mbavu zikauma, naye akacheka, kisha akaendelea kushika kushoto.

Ijumaa ikafika. Shemeji alitoka msikitini na shati lake jeupe, akaja kusubiri bandani kwa kuwa ndipo alipoelekezwa tajiri. Tajiri akaja, mtu mnene, mpole wa sauti, wa kutoka bara huko, na desturi zetu za pwani hazijui. Wakasalimiana, wakaulizana habari za barabara, mambo yakawa yanakwenda vizuri kabisa. Kisha tajiri akaona kioo, akaona gari la buluu, akacheka.

"Hebu nimwone dereva wangu," akasema.

Dereva wangu! Shemeji alisikia neno lile, nami nililisikia, uso wake ukang'aa. Pale pale ningepaswa kusema mashine imeharibika. Au nimpe gari langu nililoliseti mimi, apite kona mbili tatu, mambo yaishe. Lakini banda lilikuwa limejaa, na mimi nikiona banda limejaa akili hunihama. Nikampa pedi moja, nikashika nyingine. Yeye akachagua gari lake, mimi langu.

Sitaki kueleza shindano lenyewe. Mzunguko wa kwanza nilimwacha, wa pili nilimkuta tena kwa nyuma, yuko kushoto, ananipisha. Watu wakaanguka chini kwa kicheko. Na hapo mdomo ukanicheza.

"Mnamwona? Huyu ndiye aliyezamisha lori la shirika pale Ndundu! Mpaka leo liko mtoni, mamba wamelifanya gesti."

Banda likalipuka. Kila mtu wa Kibiti alijua lori lile liliuzwa mnada likiwa zima, na wengine walikuwepo mnadani. Shemeji akacheka, ndiyo desturi, akanijibu kwamba mimi nilifeli hata somo la kuchora.

"Na shirika halikufungwa na serikali," nikaendelea, "lilifungwa na yeye. Jicho lake moja linatazama Utete, jingine Ikwiriri. Barabara yenyewe haitazami."

Tajiri naye alikuwa anacheka. Kisha akaniinamia, sauti ya chini, akaniuliza, "Kweli lile lori lilizama?"

Aliniuliza mimi. Alinitazama usoni, akangoja jibu. Nilikuwa na nafasi ya kusema, hapana mzee, huyu ni shemeji yangu, tunataniana, huyu hajapata kupasua hata kioo cha pembeni. Shemeji alikuwa hatua moja kutoka kwangu, amesikia swali. Lakini nani anafuta utani katikati ya utani? Watu walikuwa wananitazama, wanangoja neno jingine.

"Halikuzama, bosi," nikasema. "Liliomba ruhusa ya kuoga, halikurudi."

Shemeji akacheka tena. Kicheko hiki kilikuwa kifupi, ila kilikuwa kicheko.

Tajiri aliaga kwa adabu, akasema ataleta habari. Jumanne basi lilifika stendi. Lilikuwa jeupe na maandishi ya chekechea ya Japani ubavuni, na kwenye usukani alikaa kijana wa Dar mwenye miwani ya jua, ambaye alilipandisha kwenye ngazi ya ofisi ya mahakama kabla hajazima injini.

Dada hakunipigia kelele. Aliweka sahani mbele yangu jioni ile, akasimama mlangoni.

"Mume wangu hawezi kukukasirikia," akasema. "Wewe ni shemeji yake, mila imemziba mdomo. Mimi si mtani wako. Mimi ni dada yako, nimekulea, na nakwambia umetuua. Kula."

Nilikula. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikula.

Kesho yake nikamvizia tajiri stendi, amekuja kulitazama basi lake. Nikamweleza kila kitu, mbio mbio, mpaka nikawa natokwa jasho. Lori liliuzwa mnadani. Shemeji ndiye dereva bora njia hii. Yale yalikuwa maneno ya ushemeji, bosi, kwetu ndivyo tulivyo, muulize yeyote. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Sawa, nimekuelewa," akasema. "Ulikuwa unatania. Lakini yeye nilikuwa namtazama. Mtu anasingiziwa kazi yake, mbele ya mtu anayetaka kumwajiri, halafu anacheka? Mbona hakukanusha?"

Akanigonga bega kidogo, akapanda basi lake.

Nilimkuta shemeji uani ananoa shoka. Gunia la unga na sufuria vilikuwa tayari vimefungwa kwenye baiskeli, safari ya Dimani. Nikachuchumaa mbele yake, nikaanza, "Shemeji, naomba radhi," naye akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Ukiniomba radhi tutakuwa watu baki," akasema. "Acha."

"Nimekwenda kwa tajiri. Nimemwambia kweli yote."

"Akasemaje?"

"Akauliza mbona wewe hukukanusha."

Akaendelea kunoa. Nilidhani atataja mila, na mimi nilikuwa tayari kuilaani mila, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujilaani mwenyewe. Hakuitaja.

"Nilitaka," akasema. "Lilinifika hapa." Akagusa koo. "Lakini alikuwa amekuuliza wewe, na wewe ukamjibu. Mimi ningesema lori halikuzama, ungebaki mwongo mbele ya banda zima. Na lile banda ndiyo kazi yako. Nikaona, katika nyumba hii tayari mmoja hana kazi."

Akajaribu makali ya shoka kwa kidole gumba, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Akaanza kukohoa, akangoja kikohozi kipite, kisha akaondoka kwa miguu akiisukuma baiskeli, na mimi nikabaki nimechuchumaa pale uani, nalia.