Vitabu Juu ya Fito za Ufuta

Walisema sitaweza. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, mkulima wa ufuta kule Chinongwe. Kwetu Wamwera neno la mjomba ndilo linaloamua mpwa alime wapi, aoe wapi na asafiri lini. Siku niliyokwenda kumuaga nisafiri Uganda kusoma, alininyang'anya jembe langu mkononi, akapanda juu ya kigoda, akalichomeka darini, juu ya mafiga, pale moshi unapopita.

“Nenda kawatazame hao Waganda, Saidi,” alisema. “Jembe lako halina haraka. Litakusubiri hapa mpaka urudi na njaa yako.”

Wanawake waliokuwa wakipepeta ufuta uani wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama ni kweli nakwenda kusomea kupanga vitabu, maana mwanawe wa miaka mitano anajua kupanga vikombe na hajapanda meli. Nikacheka pamoja nao. Mimi nilijua ninachokwenda kutafuta.

Sikusomeshwa na mtu. Niliosha vyombo katika bweni la chuo kule Uganda, jioni nikipanga rafu za maktaba yao, na mchana nikisoma kama wenzangu. Nilirudi na diploma, na pamoja nayo nilirudi na ujuzi wa ukutubi, yaani kazi ya kutunza vitabu na kuwafikishia wasomaji. Miaka ile, kutoka Ruangwa hadi Nachingwea, sikumjua Mwafrika mwingine aliyekuwa na vyote viwili. Nalisema hili wazi ili vijana mnaofanya kazi katika maktaba za vyuo vikuu leo mjue kuwa njia mnayopita ilifyekwa na mtu.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Ruangwa, katika chumba cha kusomea magazeti. Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa mtawala mdogo wa serikali, alinionyesha rafu moja iliyoliwa na mchwa na rundo la vitabu sakafuni.

“Una diploma na rafu moja,” aliniambia. “Utaanzia wapi?”

“Nitaanza na mchwa, bwana.”

Alinitazama, akaenda zake. Aliporudi mwisho wa mwezi alikuta kila kitabu kina namba mgongoni kufuatana na habari iliyomo: kilimo pamoja, dini pamoja, hesabu pamoja. Hiyo ndiyo tunayoiita kuainisha. Kila kitabu kilikuwa pia na kadi yake ya kuazimia, inayobaki kwa mkutubi pale kitabu kinapotoka na msomaji. Hakunisifu. Aliniandikia uhamisho kwenda Nachingwea, na kwa Waingereza wa wakati ule hiyo ilikuwa ndiyo sifa.

Nachingwea ilikuwa imejaa matrekta ya mashamba ya karanga na watu wa kila kabila waliokuja kutafuta kazi. Chuo chetu cha walimu kilipewa majengo yaliyoachwa na kampuni ya karanga, na maktaba yangu ilikuwa bohari ya zamani ya vipuri. Ukifungua kamusi ilinukia grisi. Nilikuwa na chumba kikubwa cha kusomea, chumba kidogo cha nyuma, na mfagiaji mmoja, Mngoni wa Songea aitwaye Komba, mtu mwenye maneno mengi aliyeniita Bwana Diploma.

Ndipo ikaja ndui. Ilizagaa kutoka vijiji vya jirani, ikaingia mjini, ikaingia bwenini. Mwanafunzi wa kwanza kuugua alikutwa na kitabu changu cha jiografia chini ya mto. Alipelekwa kambi ya wagonjwa nje ya mji na hakurudi. Maktaba ikafungwa siku ile ile. Wanafunzi wakawa wanapita upande wa pili wa njia, kana kwamba bati la paa letu nalo lina ndui.

Mkuu wa Chuo, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha amri tupu, aliniita ofisini. Daktari wa wilaya alikuwa amekaa pembeni.

“Bwana Saidi, vitabu vyote vichomwe,” alisema Mkuu.

“Na mtihani wa cheti, bwana? Wanafunzi wasome majivu?”

Daktari akainamisha uso kuficha kicheko. Mkuu hakucheka. Alisema vitabu vingine vitaagizwa. Mimi nilijua maana yake: vingekuja baada ya miaka, au visije kabisa. Darasa lile lingefanya mtihani bila kitabu, wengi wangeshindwa, na bohari ingerudi kuwa bohari.

“Tunayo fomalini,” Daktari alieleza. Hiyo ni dawa ambayo mvuke wake huua vijidudu. “Tatizo ni kwamba ndui hukaa katika magamba makavu yanayodondoka kwa mgonjwa, na gamba likidondoka kati ya kurasa, mvuke haulifikii. Kitabu kilichofungwa ni kama mlango uliofungwa. Nionyeshe kitabu kilichofunguka kila ukurasa, nami nitakisafisha.”

“Nipe mpaka mwezi uandame,” nikasema.

“Mpaka mwezi uandame,” alisema Mkuu. “Halafu kiberiti.”

Nilitoka pale nikiwa na jibu tayari kichwani, maana nilikulia kwenye ufuta. Ufuta haukaushwi kwa kulundikwa. Hujengewa kichanja cha fito, mafungu yakaegeshwa yamesimama, hewa ikapita kila upande. Kitabu nacho kingeweza kuning'inia juu ya ufito, mgongo juu, kurasa zikitawanyika chini kama mabawa ya popo. Nilihitaji fito nyingi, nyembamba, kavu na laini. Fito mbichi za porini hutoa utomvu, na utomvu ungeharibu karatasi. Mtu mwenye fito nyingi kavu zilizolainishwa na misimu alikuwa mmoja tu.

Nikapanda lori la chuo kwenda Chinongwe.

“Fito zangu?” Mjomba aliacha kula. “Unataka kuanika karatasi kwenye fito zangu?”

“Vitabu, mjomba.”

“Vyenye ndui.”

“Ndui itafia hukohuko. Nitazichemsha kabla ya kuzirudisha.”

“Msomi mzima anakuja kuazima miti!” aliwaambia watu waliokuwa barazani, nao wakacheka kama kawaida yao. Kisha akanisogelea, na sauti yake ikabadilika. “Ufuta wangu unakaribia kukatwa. Fito zikichelewa utapasukia shambani, na watoto wa hapa watakula nini? Ukishindwa huko kwa Wazungu wako, utakuja kushika lile pale.” Akaelekeza kidevu darini. Jembe langu lilikuwa palepale, jeusi kwa masizi.

“Nimekuelewa, mjomba.”

“Pakia.”

Njiani kurudi niliazima vitu vingine: msikitini sufuria kubwa la kupikia watu wa maziko, na kwa Mhindi mwenye duka kamba za katani. Wote waliniuliza kama ninajua ninachofanya. Wote niliwajibu kwamba najua.

Tulijenga vichanja katika chumba cha nyuma, tukaning'iniza vitabu safu kwa safu, tukaziba nyufa za madirisha kwa karatasi na uji mzito. Daktari aliwasha dawa yake, tukatoka na vitambaa vyenye maji puani, mlango ukafungwa mpaka kesho yake. Tulipofungua, macho yaliwasha kama tumekatakata vitunguu. Tuliacha upepo upite hadi mtu aweze kusimama mle bila kutoa chozi. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chetu. Kisha tukaingiza kundi jingine la vitabu, na jingine. Daktari alipitisha kidole kati ya kurasa, akasema, “Huu ndio mlango uliofunguka.” Hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Lakini kusafisha vitabu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni watu. Komba mwenyewe alikataa kuingia kufagia.

“Bwana Diploma, mimi nina mke Songea. Ingia wewe kwanza. Ukitoka na macho yako mawili nitakufuata.”

Nikaingia, nikakaa katikati ya chumba kikubwa, nikasoma kwa sauti kubwa kitabu cha ufugaji wa kuku ili anisikie dirishani. Nilisoma mpaka sura ya magonjwa ya vifaranga. Komba akaingia na ufagio. “Basi,” alisema, “afadhali ndui kuliko kuku hao.”

Nikaweka kanuni zangu. Anayeingia awe amechanjwa, aonyeshe kovu la chanjo begani. Anawe mikono kwa maji ya moto na sabuni kutoka lile sufuria la msikiti. Kila benchi wakae wawili, mmoja kila mwisho. Madirisha yasifungwe. Hakuna anayegusa rafu. Unataja kitabu, mkutubi anakuletea. Na kitabu kinachorudi hakiingii rafuni mpaka kipite tena juu ya fito. Kanuni hizi nilizitunga mwenyewe, na Mkuu wa Chuo alizitia sahihi bila kubadili neno.

Asubuhi ya kufungua nusura yote yavunjike. Wanafunzi wetu walikuwa watu wazima, wengine na wake nyumbani, na wengi walikuwa Wamwera. Walikataa kumvulia shati mfagiaji niliyemweka mlangoni kukagua makovu.

“Tangu lini Mngoni akanikagua mwili?” alifoka Hamisi, kiongozi wa bweni, kijana wa Marambo mwenye kifua kipana. Wenzake wakamwunga mkono. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa kuwakaripia, Komba akaniwahi.

“Ninyi Wamwera!” alipaza sauti. “Babu zenu walipotuona Wangoni tunakuja walikimbilia mapangoni bila hata kunawa mikono. Deni hilo mtalilipa leo. Nawa, mjukuu wa pangoni!”

Kisha mmoja akajibu, “Na babu yako alikuja kuiba mbuzi akapotea njia, ndiyo maana wewe unafagia hapa!”

“Mbuzi nilimpata. Huyu hapa mbele yangu. Toa bega, mbuzi!”

Kicheko kikavuma mpaka jikoni. Mngoni na Mmwera ni watani, na mtani anaweza kukutamkia jambo ambalo likitoka kwa mkubwa wako ungelifanya ugomvi. Ukikasirika, aibu ni yako. Mikono ya mashati ikakunjwa. Wamakonde na Wayao, kuona wenzao wanafurahi, hawakutaka kubaki nje. Nilielewa papo hapo kwamba nimepata mlinzi wa mlango ambaye Mkuu wa Chuo asingeweza kuninunulia. Tangu siku ile sikumruhusu mtu mwingine kusimama pale.

Zamu ya Hamisi ilipofika, Komba aliliangalia kovu lake, akaligusa, akalinusa.

“Bwana Diploma, njoo uone. Huyu kachanjwa na korosho.”

Kweli. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na kuacha alama, na sisi wa kusini tunayajua tangu utotoni. Hamisi alikuwa ameogopa chanjo kwa sababu ya uvumi kwamba huua nguvu za kiume, akajitengenezea kovu. Angegunduliwa na Mkuu angefukuzwa chuo.

“Ndui haili korosho, kaka yangu,” Komba alimwambia, sasa kwa sauti ya chini. “Nenda kwa Daktari. Ukirudi, kitendo hiki nitakutania nacho mpaka unizike. Lakini utakuwa hai wa kutaniwa.”

Hamisi alisimama akitazama chini. “Na ule uvumi?” aliuliza.

“Mimi nimechanjwa tangu utoto,” Komba akamjibu. “Nina watoto saba, na wa nane yuko njiani.”

Akaenda. Kabla wiki haijaisha ndui ikaibuka katika nyumba ya mjini ambamo Hamisi alikuwa akila kila jioni. Watu wawili waliugua pale. Yeye alipata homa ya chanjo na mkono uliovimba, basi. Angeingia maktabani na lile kovu la korosho, angekaa kwenye benchi langu na kushika vitabu vyangu akiwa na ndui mwilini, na kiberiti cha Mkuu kingefanya kazi yake.

Mwezi ulipoandama Daktari alizunguka maktaba pamoja na Mkuu. Walikuta madirisha wazi, wasomaji kila mmoja mwisho wa benchi, na Komba mlangoni akimtukana mwanafunzi aliyenawa vidole bila viganja. Hakuna msomaji wala mtumishi wa maktaba aliyekuwa ameugua.

“Bado una kile kiberiti?” Daktari alimuuliza Mkuu.

Mkuu alikitoa mfukoni, akawashia kiko chake.

Darasa lile lilifanya mtihani likiwa na vitabu. Baadaye nilifanya kazi katika maktaba kubwa kuliko ile, chini ya wakuu wengi, hadi nikastaafu. Mara nyingi nimesikia vijana wakisema maktaba ikifungwa kwa ugonjwa basi mkutubi akae nyumbani angoje tangazo. Mimi sikungoja. Mkutubi ajue kitabu chake kinapitisha nini kati ya kurasa, na amjue msomaji wake hadi ajue ni nani anayeweza kumwambia akanawe akakubali. Nilikuwa na diploma, na niliitumia. Nilikuwa na ufuta wa Chinongwe, nao niliutumia.

Msimu uleule wa ndui, tulipopata vichanja vya chuma kutoka karakana, nilianza kurudisha vya watu. Kamba kwa Mhindi. Sufuria msikitini, limesuguliwa likang'aa kuliko nilivyolichukua. Mwisho nikapakia fito zilizochemshwa, nikaenda Chinongwe. Ufuta ulikuwa ndio kwanza unaanza kukatwa.

Mjomba alichukua ufito mmoja, akaunusa.

“Unanuka hospitali.”

“Ndiyo, mjomba.”

“Vitabu vimechomwa?”

“Vinasomwa.”

Aliuegemeza ule ufito ukutani. Watu wa barazani walingoja aseme neno wacheke. Aliingia ndani, akapanda juu ya kigoda kilekile, akalichomoa jembe langu darini. Alilipangusa masizi kwa kiganja, akatoka nalo uani, akampa binti yake mdogo.

“Kalimie,” alimwambia. “Mwenyewe harudi.”