Jumamosi Yetu, Jumamosi Yao

Sisi tuliokulia Kuresoi tulijua mapema kwamba kiazi hakiwekwi popote tu. Kwetu kilikuwa na nyumba yake, stoo ndogo ya mabanzi nyuma ya jikoni, iliyoinuliwa juu ya magogo ili upepo upite chini, na isiyo na dirisha hata moja. Baba alitandaza fito, mama akatandika majani makavu, viazi vikalala hapo, kisha majani tena juu yake. Ukifungua mlango, harufu ya udongo ilikupokea kabla macho hayajazoea giza. Harufu hiyo naitamani mpaka leo.

Mama alikuwa mkali kuhusu ile stoo kuliko kuhusu masomo yetu. Kiazi hakioshwi kabla ya kuhifadhiwa. Kilichokatwa na jembe kinaliwa kwanza. Vitunguu vikae mbali. Mlango ukiachwa wazi, mwanga unaingia na viazi vinageuka kijani, vinakuwa vichungu, na aliyeuacha wazi aliitwa kwa majina yake yote, la ubatizo na la ukoo, hadi mtaa wa pili usikie. Lundo la mbegu lilikaa pembeni peke yake. Hilo hata baba hakuligusa, njaa iume vipi.

Nilichopenda zaidi ni Jumamosi. Viazi vya stoo lazima vichambuliwe, maana kimoja kikianza kuoza, uozo unahamia vya jirani haraka sana. Mama na jirani yetu, Mama Chebet, walikuwa na mpango wao: Jumamosi hii stoo yetu, Jumamosi ijayo stoo yao, ng'ambo ya ua. Sisi tulikuwa Wakikuyu, wao Wakipsigis, na mle gizani tulikutana kwa Kiswahili chetu cha kubomoka ambacho mwalimu angekililia. Watoto tulishindana kutafuta kilichooza kwa pua. Chebet, rika langu, alifumba macho, akanusa mara moja na kupeleka mkono moja kwa moja. Sikuwahi kumshinda. Vijana wa siku hizi wakishindana ni kwenye simu, na nina hakika ukiwapa kiazi kibovu wanuse, watakipiga picha kwanza.

Tukimaliza, viazi vilivyojeruhiwa vilifukiwa kwenye majivu ya moto. Tulivila na maganda yake, chumvi kidogo, na mursik ya Mama Chebet, maziwa ya kugandishwa kibuyuni. Sijala kitu kitamu namna hiyo tena, na nimekula mahali pengi.

Halafu ukaja ule uchaguzi wa Desemba 2007. Mwezi wa kwanza ulipoingia, tuliona moshi wa nyumba za Wakikuyu wenzetu ng'ambo ya bonde, na asubuhi moja baba akaja na lori. Tulipakia blanketi, sufuria na gunia moja la viazi. Mama alirudi mbio kufunga stoo, akaegemeza jiwe mlangoni, ingawa alijua jiwe halizuii mtu. Mama Chebet alisimama upande wake wa ua akitutazama. Hawakuagana. Siku hizo watu waliogopa kuonekana wakiongea.

Tulifikia kwa shangazi, Langalanga, mjini Nakuru. Shangazi ni mtu mwema, na kwa wema wake aliosha viazi vyote vya gunia letu, akavianika verandani ving'ae. Haikupita muda, vingine vikaoza, vingine vikawa kijani kibichi. Tulimtazama mama tukingoja alipuke. Alisema tu, "Si kitu." Hilo liliniogopesha kuliko moshi.

Kitu kimoja tu kilimtoa maneno, nacho ni mbegu. Alirudia kumwambia baba kwamba mvua ya Machi ikikuta mbegu haipo, hata amani irudi, hatuna cha kurudia. Kwake, mbegu ikiwa hai, kwetu bado kulikuwapo.

Siku moja simu ya shangazi ikalia, na ilikuwa Mama Chebet. Mama aliishika kwa mikono miwili. Sote tulisikia, kwa sababu Mama Chebet huongea kwenye simu kama anayeita ng'ombe.

"Mama Wambui, leo ilikuwa Jumamosi yenu," alisema. "Tumechambua. Mbegu iko sawa."

Mama akakaa sakafuni. Aliuliza jambo moja tu, "Mlango mmefunga?"

"Tumefunga."

Ndipo akalia, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

Hatukurudi. Mvua ilipokuja baba alikataa katakata, na baadaye akauza shamba. Mama Chebet aliipanda ile mbegu kwa mkono wake, na baada ya mavuno akatutumia magunia mawili kwa lori, viazi vikiwa na udongo wao, majani makavu yamefunika juu. Mama alizamisha mkono ndani mpaka kiwiko, akakaa hivyo muda mrefu.

Sasa mama anaishi nami hapa mjini. Binti yangu hununua viazi supamaketi, vimeoshwa, vimefungwa kwenye plastiki inayoonyesha ndani, kisha anaviweka kwenye friji na kushangaa vikiwa vitamu kama viazi vitamu. Vyangu vinakaa chini ya ngazi, gizani, juu ya nyasi kavu. Ananicheka eti nimevifunga jela. Simlaumu. Hajui giza lile lilikuwa na watu.

Jumamosi nachutama chini ya ngazi na kuchambua, na mama kutoka kwenye kiti chake ananiuliza kama nimefunga mlango. Jumamosi inayofuata sichambui. Hiyo ni ya kina Chebet. Mama na mimi tunakaa tu, mikono haina kazi.