Ukuta Uliopendeza Kwenye Picha

Habari za kifo chake nilizisikia redioni, kwenye matangazo ya vifo ya mchana, nikiwa mezani. Mtangazaji alisoma jina, akataja kijiji karibu na soko la Tulia kule Kitui, akapitia majina ya watoto na wakwe, halafu akasema marehemu alikuwa "fundi wa miaka mingi". Nilikasirika. Fundi ni neno la heshima, sikatai, lakini huyu alikuwa mchora ramani za majengo, na madarasa na makanisa mengi ya saruji kutoka Tulia hadi milima ya Kilungu huku Makueni yalianzia kwenye penseli yake. Kisha hasira ikanitoka, ikaingia hofu, maana kuna jambo ambalo tulilijua sisi wawili tu, na sasa nimebaki nalo peke yangu. Mke wangu aliuliza mbona nimeacha kula. Nikasema chakula kimezidi chumvi.

Ufundi wake aliupata katika ofisi ya ujenzi, miaka ya sitini, akinakili ramani za Wazungu juu ya karatasi nyepesi inayopitisha mwanga. Mkono wake ulikuwa safi ajabu. Lakini alipoanza kujitegemea alibuni mtindo wake: kabla msingi haujachimbwa, aliipanga nyumba nzima ardhini, kwa ukubwa wake halisi, kwa vigingi na kamba za mkonge, kisha akawaambia wenyewe waingie waishi humo kidogo. Watu walimcheka. Pale Tulia palikuwa na mfanyabiashara wa mbuzi, Mwislamu aliyehamia kutoka kaskazini-mashariki, aliyekuwa ameitazama ramani ya nyumba yake siku mbili nzima akiitikia kwa kichwa. Mchoraji akaomba mke wa mfanyabiashara aje asimame ndani ya kamba. "Mama, hebu pika chai," akamwambia. Yule mama akacheka, akauliza jikoni ni wapi, akaonyeshwa, akachuchumaa kama anayewasha moto. Alipoinua macho alisema, "Lakini wageni wa mzee wote wananiona hapa." Mume alitazama, akaona ni kweli. Vigingi viwili viling'olewa na mlango ukahamia upande wa pili.

Siku aliyonisimulia kisa hicho tulikuwa tunakunywa chai hotelini Mukuyuni, naye akanieleza mambo ambayo sijayaona katika kitabu chochote. Alisema ramani ya karatasi inakufanya uitazame nyumba kama mwewe: unaona vyumba vyote kwa mara moja, na hakuna binadamu anayeishi huko juu. Picha ya rangi nayo inakusimamisha barabarani, kwa hiyo ukiishika picha mkononi utaanza kupamba upande wa barabara na kusahau pande nyingine tatu. Si kwamba vitu hivi vinadanganya, alisema, ila kila kimoja kina mambo kinayonyamazia, na anayechora huishia kujenga kile tu ambacho karatasi yake inaweza kuonyesha. Kamba haipendezi, haitundikwi ukutani, lakini inakuuliza mabega yako yatapita wapi. Mimi nilimsikiliza kwa adabu, kama tunavyowasikiliza watu wenye kichaa chao kimoja, kisha nikarudi kwenye shida iliyonileta.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kilungu, na nilikuwa katibu wa kamati ya kujenga zahanati yenye chumba cha wazazi. Ramani alikuwa ametuchorea tayari, lakini kila tulipoifunua mbele ya watu kanisani walitazama mistari ile wakapiga miayo. Nikamwomba atuchoree picha ya rangi. Alisitasita, kisha akachora: kuta nyeupe, bati jekundu, maua, muuguzi mmoja kasimama, na mbele kabisa baraza lenye ukuta wa matofali ya matundu, mwanga ukipita humo ukaanguka sakafuni. Mlango wenyewe ulijificha pembeni, nyuma ya ukuta huo. Ilikuwa picha nzuri mno. Tuliitundika siku ya harambee na watu walichanga kwa namna ambayo hatujawahi kuiona, akina mama wakija mbele mmoja mmoja kuigusa kwa ncha ya kidole. Mimi kichwa kilivimba, kwa sababu wazo lilikuwa langu.

Wiki chache baadaye alinijia shuleni, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amezungusha kamba zake pale kwenye kiwanja.

"Mwalimu, ile ukuta ya matundu itoke," alisema.

"Itoke kwa nini?"

"Kitanda haipindi. Nimeita wanaume wanne wabebe kitanda, wameingia baraza wamekwama. Huku kwenu kwa milima mgonjwa analetwa na kitanda yake. Sisi Tulia ni tambarare, mtu analetwa na mkokoteni mpaka mlangoni. Mimi nilichora mtu anatembea."

"Na watu wamechanga juu ya hiyo picha. Tukijenga ingine watasema tumekula."

"Basi niitie kamati waone kamba na macho yao."

"Kamati nitaiambia mimi mwenyewe."

Sikuiambia. Nilimwambia fundi mwashi ajenge kama picha inavyoonyesha, na siku ya ufunguzi kila mtu alisifu jinsi zahanati ilivyofanana na picha. Ndilo kosa letu sisi watu wa harambee: tuliona kubadilisha picha ni wizi, hatukuona kujenga vibaya ni nini.

Mvua za mwaka uliofuata, asubuhi, wanaume wanne walimleta mwanamke aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Walikuwa wametoka naye ng'ambo ya mlima, njia za utelezi, na hawakumwangusha hata mara moja. Walikwama barazani. Wakajaribu kukiinamisha kitanda, wakarudi nyuma, wakajaribu tena, mwisho wakamteremsha na kumwingiza kwa blanketi. Mimi nilifika wakati wanambeba. Alifariki kabla ya kuwekwa kitandani ndani. Muuguzi alisema labda angekufa tu, damu ilikuwa imemwishia njiani. Hiyo labda yake nimeishi nayo miaka yote hii, na haijanisaidia. Ninachokiona mpaka leo nikifumba macho ni mwanga wa yale matundu, umeanguka juu ya uso wake vizuri kama kwenye picha.

Kamati ilimwita mchoraji. Wazee walimuuliza ni akili gani ilimfanya afiche mlango nyuma ya ukuta. Nilikuwa nimekaa na kitabu cha kumbukumbu za mikutano, kalamu mkononi, nikijitia kuandika. Akanitazama. Kisha akawaambia wazee, "Mimi ndio nilichora," akakaa. Niliandika maneno hayo, wala sikuongeza yangu. Baada ya hapo hakupata tena kazi Makueni. Watu wa Kilungu walimwita mchora mlango wa maiti, na jina hilo lilimtangulia kila soko. Nasikia alirudi kwao akawa anatengeneza fremu za madirisha, ndiyo maana redio ikasema fundi.

Siku hizi ramani zinatoka Nairobi zikiwa na mihuri, na kamati zetu bado zinachagua kwa picha. Hivi majuzi niliona moja, madarasa yenye vioo vitupu, jua la Makueni likiwa limechorwa kama taa ya harusi. Baada ya kikao kile nilikutana na marehemu mara moja tu, Mukuyuni, siku ya soko. "Mwalimu, ile ukuta bado iko?" aliniuliza. Nikamwambia wananchi waliibomoa kwa majembe wiki ile ile ya msiba. "Walifanya poa," akasema, akaniuliza watoto wangu hawajambo, tukaagana.

Nilienda mazikoni. Walinipa nafasi ya kusema, nikausifu mkono wake, watu wakaitikia amina. Baadaye binti yake mkubwa alinifuata pembeni. "Mwalimu, baba alikuwa anasema aliambia mtu mmoja wa kamati ile ukuta itolewe. Tulimwuliza jina, akakataa mpaka amekufa. Wewe ulikuwa kwa hiyo kamati. Unamjua?" Nikasema namjua. Akauliza ni nani. Pasta akatuita kwenye sala, nami nikashukuru, nikaondoka upesi.

Msomaji, kabla hujasifu picha ya nyumba, nenda kiwanjani ukapite na mzigo unaobebwa na watu wa pale. Na ukiambiwa ukweli na mtu anayejua kazi yake, upeleke pale ulipotumwa kuupeleka. Nawe binti yangu uliyeniuliza mazikoni, kama gazeti hili linafika Tulia: baba yako hakukosea. Alikuja kuniambia mimi.