Skuta Iliyoitwa Mlevi

Watu wa Ekero waliipa skuta ya Mwanamisi jina la Mlevi, na jina likashika. Ilikuwa na magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, lakini haikwenda wima kama tuktuk. Ikifika kwenye kona ililala upande, mwenye kuiendesha akalala nayo, halafu wakainuka pamoja kana kwamba hakuna lililotokea. Aliyeiona mara ya kwanza alishika kichwa akisubiri kishindo. Kishindo hakikuja, maana Mwanamisi alijua kazi yake.

Mwanamisi alipooza mguu wa kulia akiwa mtoto, na wa kushoto nao haukumfaa sana. Kabla ya skuta alitembea kwa mikongojo miwili, na mvua ikinyesha, kwenye matope ya njia za miwa, alitambaa. Ndiyo, alitambaa, mtu mzima, mama wa mtoto, Raisa. Kisha kaka yake Athman, aliyekuwa kibarua huko Italia, akamletea skuta hiyo kuukuu. Mwaka uliofuata Athman akafariki, kwa hiyo wa kumletea nyingine hayupo. Mwanamisi alishona kanzu na mabuibui, na kwa skuta hiyo akayapeleka mwenyewe hadi Kakamega mjini, mikongojo ikiwa imefungwa ubavuni kwa mpira wa baiskeli. Alienda alikotaka na kurudi alipotaka. Hilo ndilo lililomkera mumewe.

Mumewe ni Abu. Mungu atamsamehe akipenda, mimi bado. Kwenye kibanda cha chai walimchokoza kila jioni: Abu, bibi yako amepita ametupungia mkono, kwani hakukuaga? Abu, leo hukupewa lifti? Mwanamume mwingine angecheka nao akanywa chai yake. Abu aliyameza yakamchachia tumboni. Siku moja akajaribu kuiendesha yeye, awanyamazishe. Akakaza mikono akitaka iende wima, ikamtupa ndani ya miwa mbele ya macho yale yale. Tangu hapo aliichukia skuta kama mtu anavyomchukia mtu, akaamua iondoke. Na kadi ya skuta ilisomeka jina lake. Siku ya kuiandikisha, Mwanamisi mwenyewe ndiye aliyesema kwamba si vizuri mke awe na chombo kwa jina lake na bwana yupo. Alidhani anampa heshima, maskini.

Wanunuzi wawili walikuja kwa siri. Abu akawaonyesha inavyokwenda, akaanguka mara mbili, nao wakaenda zao wakicheka. Wa tatu alikuwa Bramwel, mchuuzi wa pikipiki kutoka Lurambi. Huyu alisema yuko tayari kubadilishana na pikipiki yake nyekundu, ila kwanza aione Mlevi ikienda sawasawa, na afundishwe. Kufundishwa na nani? Hapo ndipo shetani alipomnong'oneza Abu.

Akaenda nyumbani na uso wa asali. Akamwambia mkewe kuna mgeni wa chama cha kusaidia walemavu, anatoka Kakamega, wanataka kuleta skuta kama ile kwa wengine, ila hawajui inavyoendeshwa. Angekubali kumwonyesha? Mwanamisi karibu alie. Alimfikiria Gentrix wa Iguhu, rafiki yake ambaye mpaka leo anatambaa kwenda kisimani. Aliiosha skuta mpaka ikang'aa, akavaa deraa lake la Idi.

Walikutana baada ya alasiri kwenye uwanja wa kupimia miwa. Wanywaji chai wote walikuwapo, Abu alihakikisha. Bramwel akafika na pikipiki nyekundu, akasema salaam aleikum kwa ulimi mzito, na Mwanamisi akamjibu kwa furaha. Kisha akaendesha. Wallahi, siku ile aliendesha! Akazunguka uwanja mzima, akailaza kushoto mpaka pindo la deraa likagusa vumbi, akailaza kulia, akasimama mbele ya mgeni, akabonyeza kitufe, na skuta ikakaa wima bila mtu kutia mguu chini. Hata wale wa chai walipiga makofi.

"Kwani hii haikuangushangi?" Bramwel akauliza.

"Hainiangushangi. Usishindane nayo. Ikitaka kulala, lala nayo."

Akamfundisha kila kitu, hakumficha hata kimoja. Akamwambia ukisimama ukasahau kitufe kile, italala chini na wewe. Akamwambia breki ya nyuma inapiga kelele asubuhi, asiogope. Mwisho akashuka, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki walichoazima kibandani, na Bramwel akapanda. Raundi ya kwanza aliyumba, na Mwanamisi akamwelekeza. Raundi ya pili akatulia. Mwanamisi akamwambia mumewe kwamba mgeni anashika upesi, wenzake wengi watapona adha. Abu akasema naam.

Raundi ya tatu Bramwel hakuikamilisha. Alikata kuelekea barabara kuu, akasimama kungoja lori la miwa lipite.

"Mbona anaenda kule?" Mwanamisi akauliza.

"Anaenda kwake," Abu akasema, akatoa mfukoni ufunguo wa pikipiki nyekundu. "Tumebadilishana. Na umemfundisha vizuri, ahsante."

Mwanamisi hakulia. Hakupata nafasi, kwa sababu kule barabarani Bramwel alikuwa amesahau kitufe, na Mlevi ilikuwa imeanza kulala pole pole, magurudumu ya lori yakipita kando. Angenyamaza. Mimi ningenyamaza. Lakini macho yake yaliona skuta ya Athman inakwenda chini, mdomo ukamtangulia.

"Kitufe! Bonyeza kitufe!"

Bramwel akabonyeza. Skuta ikasimama wima. Akainua mkono kumshukuru, lori likapita, akaingia barabarani, akailaza kwenye kona vile alivyofunzwa, akapotea nyuma ya miwa.

Ndipo Mwanamisi alipopapasa kando ya kiti kutafuta mikongojo, akakumbuka ilipo. Imeondoka, imefungwa ubavuni kwa ule mpira.

Abu alikuwa ameshawasha pikipiki. Akaisogeza karibu na kiti, si karibu sana, akaiacha ikinguruma. Wale wa chai walitazama chini. Mmoja akainuka aje amsaidie, Abu akamtupia jicho, akaketi. Nyumbani ni mwendo mrefu, na mawingu ya jioni yalikuwa yameshajaa upande wa Mumias. Mwanamisi aliitazama njia. Aliijua kila hatua yake, aliijua kwa viganja na magoti.

"Baba Raisa," akasema. "Nibebe."

Abu akainama, mkono sikioni.

"Pikipiki inapiga kelele. Sema tena, hawa hawajasikia."

Mvua ikaanza kudondoka. Mwanamisi akasema tena, kwa sauti kubwa, na wote wakasikia.