Ng'ombe Ndani ya Duara

Jamani, kabla hamjanicheka, jueni kwamba tovuti ile ilipendeza. Ni ya kikundi chetu cha wafugaji wa Magindu, tunaitumia kuuza ng'ombe wa maziwa, na fundi wake ni mimi. Nilijifunza mwenyewe kuandika CSS, yale maelekezo yanayoiambia tovuti ivae rangi gani na picha zikae vipi. Nikaipaka kijani, nikanenepesha herufi, kisha kila picha nikaikata duara safi, kichwa katikati, kama picha za wasifu kwenye simu.

Wiki nzima hakuna mnunuzi aliyepiga simu. Nikajua wameduwaa kwa urembo.

Kwenye mkutano wa kikundi nikaifungua kwenye televisheni kubwa, kifua mbele. Ile kijani ikapigiwa makofi. Zilipofika picha, shingo zikarefuka. Kila ng'ombe alikuwa amebaki macho, pua na masikio.

Mzee Yohana akasogea mpaka kwenye kioo. "Binti yangu, huyu si Pendo wangu? Kiwele chake kiko wapi, mnunuzi akione?"

"Mzee, ni lile duara..."

"Naona. Umempiga picha ya pasipoti. Haya, tuambie, anasafiri kwenda wapi?"