Ndizi za Kupigwa Picha

Jumamosi nilisimama kando ya uwanja wa vumbi pale Ziwani, nikitazama timu ya wasichana wa mtaa ikifundishwa kula. Mtaalamu wa lishe, aliyeletwa na mfadhili, aliwaeleza kwamba misuli haijengwi kwa chai ya rangi na mandazi. Mchezaji anataka mayai, maharagwe na matunda. Alisema kweli tupu. Wasichana, waliokuwa wakikimbia tangu asubuhi, hawakumtazama usoni. Walitazama kreti ya ndizi iliyokuwa miguuni pake.

Hatimaye kila mmoja akapewa ndizi moja, na mpiga picha akapiga goti.

"Inueni kidogo," mfadhili akasema. "Msimenye."

Kipa alikuwa ameshamenya na kuuma pande kubwa. Mfadhili alimwendea, akaigeuza ndizi mkononi mwake taratibu, upande ulioumwa usionekane. Picha ikapigwa. Kisha kreti ikapitishwa tena, safari hii kukusanya.

"Kwani hizi si za kukula?" nahodha akauliza.

"Tunaenda nazo Kware. Huko pia kuna timu inatungoja."

Ya kipa tu ndiyo iliyoachwa, maana haikufaa tena kwa picha.

Picha yenyewe imetoka, imeandikwa chini kwamba lishe bora ndiyo mwanzo wa ushindi. Wote wanatabasamu isipokuwa kipa, na jirani yangu ameniuliza mbona binti huyo ana kiburi hivyo.

Hana kiburi. Alikuwa anatafuna.