Ng'ombe Wanne na Boti ya Saa Mbili

Enzi zetu safari ilipangwa kwa mdomo, tena mdomo mmoja tu, wa Papa, baba yetu. Hakukuwa na komite, wala grupu ya WhatsApp yenye watu arobaini ambao kazi yao ni kujibu "amina". Papa akisema siku ya posho, yaani Jumamosi, tunaenda ziwani, kijiji chetu kizima cha Karuba kilijua.

Ilikuwa safari ya siku moja: kushuka vilima kwa miguu mpaka Sake, kupanda boti ya saa mbili asubuhi kwenda kijiji kimoja kimya cha kando ya ziwa, na kurudi na ile ya mchana. Huko ndiko alikoolewa Mama Mukubwa, dada ya mama yangu. Miguu yake ilikuwa imevimba, vilima hakuviweza tena, na wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walituletea neno lake kila juma: anataka kumwona mdogo wake. Hakuomba kingine.

Tulijiandaa majuma matatu. Mama alichambua maharage ya zawadi moja moja kama anayechagua mchumba, na fromaji nzima, jibini ya maziwa yetu, akaificha tusiiguse. Sisi watoto wa vilima, mabaharia wakubwa ambao hatujawahi kuona maji yanayopita magoti, tulijizoeza kupanda boti ndani ya gogo la kunyweshea ng'ombe. Dada yangu Furaha, mkubwa wetu, alikuwa kapiteni. Aliyecheka alihesabiwa amezama. Leo watoto wangu wanajifunza kuogelea kwenye simu, wamelala kitandani, kwa hiyo nadhani sisi tulikuwa na maendeleo zaidi.

Posho ikafika. Kabla ya mapambazuko Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitenge kipya, viatu mkononi visichafuke njiani. Papa akaenda kukamua. Jirani yetu, Papa Bahati, alikuwa amejitolea tangu jana yake kuwakamua ng'ombe wetu wanne, lakini Papa alikuwa na elimu yake.

"Ng'ombe yangu haikamuliwe na mukono ya mutu mwingine," alisema. "Itakatala maziwa."

Mama akamkumbusha boti. Akajibiwa kwamba boti iko na mwenyewe, na mwenyewe iko na macho, ataona watu wanashuka kilima. Ng'ombe walikuwa wakimngoja Papa kila asubuhi, basi aliona ajabu gani boti nayo kungoja? Akakamua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa na kiburi, alitaka kuimbiwa kwanza. Papa akamwimbia, beti zote.

Tulipofika Sake boti tuliiona vizuri sana, yote nzima, ikiwa katikati ya ziwa na imetupa mgongo. Mama hakugomba. Alikaa juu ya jiwe, akavaa viatu vyake, akaitazama mpaka ikapotea. Halafu akasema, "Tutaenda siku ingine." Nilitaka alie. Hakulia, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Siku nyingine ilikuja kabla ya mavuno. Wauza sambaza walileta habari ya msiba, na safari hiyo hakuna aliyeipanga. Papa Bahati alikamua ng'ombe wote wanne, na maziwa yakatoka kama kawaida. Boti tuliiwahi, tena tuliingoja sisi. Mbele ya kaburi la Mama Mukubwa Papa alivua kofia yake, na siku ile sikumwona akiivaa tena.

Sasa sisi tumesoma. Mimi niko Goma, Furaha aliolewa ng'ambo ya ziwa, na safari ya kwenda kumwona ina grupu yake, prezida, na makamu wawili. Vijana wetu wametengeneza programu nzuri ya safari, yenye hata saa ya kupiga picha, na mwaka wa pili huu wanagombania rangi ya fulana za polo tutakazovaa. Njia ikifungwa tunasingizia njia, ikifunguka tunasingizia kazi. Papa alichelewa boti kwa asubuhi moja, na tulimsema maisha yake yote. Sisi tunaichelewa kwa miaka, na simu zina chaji.

Juzi Furaha alinipigia kwa video. Uso umekonda, amekaa kitandani mchana. Hakuuliza habari ya programu wala ya polo.

"Mudogo wangu, utakuja siku gani?"

Nikamjibu kwamba tunapanga.